Mkurugenzi Asiye na Mlango

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Kuitaja kunahitaji kibali, na mtoa vibali ni mtu wa karibu sana na wananchi, kwa hiyo foleni ya kumfikia haina mwisho.

Mimi ni Chande, Afisa Msaidizi wa Shukrani katika Mamlaka ya Mapokezi ya Mvua. Kwa wageni nieleze kidogo. Nchi nyingine, nasikia, mvua hunyesha tu, ovyo ovyo, utadhani haina wenyewe. Kwetu mvua hupokelewa. Wingu likijitokeza, Mamlaka hutoa tamko la kulikaribisha, bendi hupiga, na maji huelekezwa kwenye tangi kubwa lililo juu ya paa letu, yakakaa humo kwa heshima zote. Hayatumiki. Ukiwa na kiu unavuka barabara ukanunue ya chupa.

Kazi yangu ni kushukuru. Mkurugenzi Mkuu akisema jambo, mimi ndiye wa kwanza kupiga makofi. Akifanya mzaha, mimi ndiye wa kwanza kucheka, na wenzangu hunifuata. Si kazi ngumu. Inataka koo lisilokauka na macho yasiyotangatanga. Sasa nimeombwa niandike jinsi tulivyobahatika kupata uongozi unaofikika mahali pa kazi, nami naandika kwa moyo mkunjufu. Mkiona mwandiko unayumba, ni kalamu tu.

*

Mkurugenzi Mkuu ninayemwandika ni Dakta Kilimba Ngwatu. Kabla yake tulikuwa na wakubwa wa kujifungia ndani na kutuita kwa kengele, na sisi tulikuwa na tabia mbaya ya kuwaogopa. Siku alipoteuliwa alitukusanya uani pamoja na bendi, akavua koti, akakunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, akasimama chini kwenye vumbi pamoja nasi. Jukwaa alilotayarishiwa alilikataa katakata. Mama mmoja wa masjala alitokwa na machozi.

"Mimi ni mtu wa watu," alisema. "Viongozi wengine hutazama juu, kwa wakubwa wao. Mimi nimeamua kutazama watu. Kuanzia leo hamtaniona nimeinua macho kupita uso wa mfanyakazi wangu. Na kuanzia leo woga ni marufuku katika Mamlaka hii. Nitakayemkuta anaogopa atanitambua. Sheria hii haina mkubwa wala mdogo. Hata mimi, siku mkiniona nimeingiwa na woga, nishikeni kama mtu mwingine yeyote."

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha, na kama mvua isingeanza kunyesha nadhani tungekuwa uani pale mpaka leo.

Alasiri hiyohiyo mafundi waliung'oa mlango wa ofisi yake. Ulikuwa mlango wa mninga, mzito, wenye kitasa cha shaba. Wakausimika uani juu ya kitako cha saruji ili uwe kumbukumbu ya enzi za giza, na mpaka sasa tukipita pale huwa tunabisha hodi kidogo, kwa mazoea. Mahali mlango ulipokuwa waliwekwa askari wawili wa kuulinda uwazi. Maana uwazi ukiachwa bila mlinzi, mtu yeyote si angepita?

Mkuu wa askari hao alikuwa Koplo Lihundi, mtu mpole mwenye kiganja kikubwa. Kazi yake ilikuwa kumshika mkono kila anayetoka kwa Mkurugenzi. Mkono ukiwa umetulia, unapita. Ukitetemeka, maana yake umetoka kwa kiongozi anayefikika ukiwa na woga, na hiyo ni fedheha kwa ofisi nzima. Hapo Koplo alikuwa na maneno yake, yaleyale siku zote, aliyoyasema kwa upole: "Rudi ndani ukatulizwe na Mkurugenzi." Basi unarudi. Mkurugenzi anakukalisha, anakumiminia chai, anakuuliza unaogopa nini hasa na ni nani aliyekufundisha. Ukitoka, mkono unatetemeka zaidi, unarudishwa tena. Mzee Shomvi wa stoo aliingia asubuhi kuomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino, akatolewa jioni kwa machela, ametulia kabisa.

*

Utani nao ulikuja hivi. Dakta Ngwatu alifiwa na baba mkwe wake, akaenda kuzika. Watani wa ukoo ule wakafika na mambo yao. Mmoja alivaa kofia ya marehemu na kuanza kukohoa kama yeye. Mwingine akajilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Mwanamke mmoja alimwambia Dakta mbele ya kadamnasi kwamba tumbo lake lilifika msibani jana, yeye ndiyo anafika leo. Watu wote walicheka na machozi yao. Hakuna aliyekasirika, kwa kuwa mtani hakasirikiwi, huo ndio utaratibu tuliokuta na tutakaouacha.

Dakta alirudi kazini amechangamka. Alitangaza kwamba amegundua siri ya uongozi, na kwamba sisi wote, kuanzia wahasibu hadi wafagizi, sasa ni watani wake. Kila Ijumaa mfanyakazi mmoja ataingia ofisini kwake na kumtania, wengine tukitazama kutoka kwenye korido, maana mlango haupo na hakuna cha kuficha. Asiyetania, anaogopa. Anayeogopa, tumeshasema.

Wa kwanza alikuwa Shekibula wa takwimu, kijana aliyekulia kwa bibi yake na utani ameunyonya. Alimwambia Mkurugenzi kwamba kwa jinsi anavyopenda kufikika, hata ugali humfikia kabla haujaiva. Tulicheka vizuri sana. Mkurugenzi alicheka vizuri kuliko sote, akamkumbatia, kisha akasema utani ni wa pande mbili na yeye naye anajibu. Jibu lake lilikuwa kumhamishia Shekibula Kituo cha Ukame.

Ukame ni kituo chetu cha mbali, mahali ambapo mvua haijanyesha tangu enzi za mababu. Kuna kiti kimoja na mwavuli mmoja. Mtumishi hukaa kwenye kiti, mwavuli ukiwa tayari, akiisubiri mvua aipokee. Kabla ya Shekibula alikuwepo mwingine, na hakuna aliyeuliza alikokwenda.

Baada ya hapo utani wetu ulikomaa. Wa Ijumaa iliyofuata alimtania Mkurugenzi kwamba ni mchapakazi kupita kiasi. Mwingine akamkejeli kwa wema wake, akasema wema huo utamponza. Mkurugenzi alisikiliza, akapiga miayo, akasema anaona woga umeanza kurudi.

*

Sasa lazima niwaeleze dari, ingawa hakuna aliyeniomba.

Lile tangi la paani Dakta alilijenga upya na kulipa jina lake. Aliliweka juu kabisa ya ofisi yake mwenyewe, ili hata mvua imfikie moja kwa moja bila kupitia kwa karani. Mjenzi alikuwa shemeji yake. Saruji iliyotengwa kwa ajili ya tangi ilikuwa nyingi, na nyumba ya shemeji iliyojengwa msimu uleule ni imara kweli, hilo kila mtu anakubali.

Masika ilipoanza, dari ya ofisi ya Mkurugenzi ilitoa doa. Kisha doa likavimba. Kisha uvimbe ukapata ufa, na ufa ukaanza kudondosha maji, tone moja moja, mezani kwa Mkurugenzi. Afisa Uhusiano aliwahi kuweka bakuli la fedha akatangaza kwamba hayo ni mafanikio: mvua sasa inapokelewa mpaka mezani. Mkurugenzi alifurahi sana. Alilisogeza bakuli karibu na simu yake na kuwaonyesha wageni. Juu hakutazama, kwa kuwa alikuwa ameahidi hadharani kutazama watu, na sifa moja ya Dakta Ngwatu ni kwamba ahadi aliyoitoa mbele ya bendi hakuivunja.

Sisi tuliuona ufa. Kila aliyeingia aliuona. Tulikuwa tunaingia siku nzima, maana kutoingia ni woga. Tunasimama mbele ya mtu anayefikika kuliko wote nchini, juu ya kichwa chake kikining'inia kitu kama tumbo la ng'ombe, na tunamwambia kwamba chai ya leo ina harufu nzuri. Usiku nilikuwa naota nasikia tone. Naamka, ni mapigo ya moyo wangu.

*

Zamu ikamwangukia Bi Siwema Lukinga, Karani wa Mawingu, ambaye meza yake ilikuwa inapakana na yangu. Tulikuwa tunagawana muhogo wa kuchoma saa ya chai, na kwa kuwa nimeapa kuandika kwa moyo mkunjufu, niseme tu kwamba nilimpenda, ila sikuwahi kumwambia. Alikuwa anamuuguza mama yake aliyepooza. Kila asubuhi kabla ya kuja kazini alimwogesha na kumlisha uji, jioni alikimbia kumgeuza upande. Kwa mtu kama huyo Ukame si uhamisho. Ni kumzika mama yake akiwa hai.

Siku mbili kabla ya Ijumaa alinisogelea, akaongea huku anapanga faili ili tuonekane tuko kazini.

"Nikinyamaza, nimeogopa. Nikimsema kitambi, Ukame. Nikimsifu, atasema namdhihaki," alisema. "Sasa nitamwambia la dari, Kaka Chande. Mtani hashtakiwi kwa alilosema."

Nilimuuliza kama hakumbuki yaliyompata Shekibula.

"Shekibula alimtania mwili. Mimi namwokoa. Akitazama juu mara moja tu, atanishukuru. Na mtu akiambiwa juu ya kichwa chake kuna kitu, si lazima atatazama?"

Nilimpa kipande kikubwa cha muhogo.

Ijumaa ikafika. Korido ilijaa. Bi Siwema aliingia, akasimama mbele ya meza, akavuta pumzi. "Mheshimiwa mtani wangu," alisema, "umeng'oa mlango ili tukufikie, lakini naona tangi litakufikia kabla yetu. Dari imepasuka juu ya kichwa chako. Shemeji yako saruji aliila, na wewe ndiye utakayetapishwa."

Tone likadondoka bakulini. Nilimtazama Mkurugenzi. Macho yake yalimkazia Bi Siwema usoni, hayakupanda hata kidogo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilipoona meno, nikacheka. Korido nzima ikacheka. Mkurugenzi alipiga meza mpaka bakuli likaruka, akajifuta machozi, akawa anarudia, "Juu ya kichwa changu! Juu ya kichwa changu!" bila kukitazama hicho kilichokuwa juu.

Alisema tangu aanzishe utani hajapata kutaniwa namna ile, kwa ujasiri, mpaka ndani ya ukoo. Papo hapo akamteua Bi Siwema kuwa Mtani Mkuu wa Mamlaka, na akaamuru meza yake ihamishiwe ofisini kwake, iungane na ya Mkurugenzi, ili kila mgeni atakayeingia asimuliwe utani ule na mwenyewe. Wapagazi waliibeba meza. Waliiweka pale palipobaki nafasi, chini ya uvimbe.

Bi Siwema alipotoka kuchukua mkoba wake, Koplo Lihundi alimshika mkono. Akamtazama kwa huruma. "Rudi ndani ukatulizwe na Mkurugenzi," alisema.

*

Wiki ile mvua haikukatika. Bendi ilichoka, ikaacha kupiga. Wageni walikuja kutoka idara nyingine kujifunza uongozi unaofikika. Mkurugenzi aliwakalisha, akamwambia Bi Siwema, "Hebu waambie lile la tangi," naye akawaambia. Walicheka wakishika mbavu. Wengine walitazama juu, wakauona ufa, wakacheka kwa sauti kubwa zaidi, wakaaga haraka wakisema wana kikao. Koridoni wafanyakazi walimpongeza Bi Siwema kwa cheo, wakisimama mbali naye kidogo.

Mimi nilimpelekea muhogo. Aliula bila kuuangalia, macho yake darini. Alikuwa amekonda katika siku chache zile. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, anamweleza mtu jinsi wafanyakazi wake walivyo huru.

"Nikisema kwa utani wanacheka," alininong'oneza. "Nikisema kwa kweli watacheka zaidi, watasema nimekuwa hodari. Ijumaa anataka nirudie mbele ya wote. Ijumaa usicheke."

Nilimwambia kucheka ndiyo kazi yangu.

"Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe. Usipocheka wewe, hakuna atakayecheka, na kukiwa kimya atausikia ufa mwenyewe."

Nilitoka. Koplo alinishika mkono, nikarudishwa ndani kutulizwa mara tatu. Nilikunywa chai nyingi ya Mkurugenzi siku ile, na kila funda nililipokea huku shingo imejikunja yenyewe kusubiri kishindo.

Nitakuwa mkweli: sikuwa nimeamua kitu. Nilipolala niliona nimeamua kutocheka, nikapiga mswaki asubuhi nikaona nimeamua kucheka. Ukame una kiti kimoja tu, kitanda chake ni ardhi, na mimi ni mgonjwa wa kifua.

*

Ijumaa hiyo tulijazana koridoni mapema. Mimi nilikuwa mbele, kando ya Koplo Lihundi, mahali pangu pa siku zote. Ndani walikuwa wawili tu, Mkurugenzi na Mtani wake, meza kwa meza. Uvimbe ulikuwa umeshuka kiasi kwamba taa ilikuwa imeinama. Maji hayakuwa yanadondoka tena; yalikuwa yanatiririka, na bakuli la fedha lilikuwa linafurika kwenye makaratasi.

Mkurugenzi alinyanyua mikono. Akasema kwamba huko nje wapo wanaodai watumishi wa umma wanaishi kwa hofu, basi leo waje waone. Kisha akamwambia Bi Siwema aanze.

Bi Siwema alisimama. Hakutengeneza sauti, hakutikisa kiuno, hakufanya lolote la utani.

"Dari inaanguka," alisema. "Mheshimiwa, naomba tutoke."

Mkurugenzi alitabasamu na kunigeukia, akasubiri. Wote walinigeukia. Nilifungua mdomo. Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa shujaa, lakini Mamlaka hupenda ukweli: kicheko nilikitafuta. Nilikivuta kutoka tumboni kwa nguvu zangu zote, na koo lilikuwa limekauka kabisa. Hakikutoka. Nilisimama pale nimeachama, na korido nzima, kwa kunifuata, ikaachama.

Ndipo ukimya ukaingia katika Mamlaka yetu kwa mara ya kwanza. Na ndani ya ukimya huo tulisikia juu kitu kinalia, polepole, kama mlango mzito unaofunguliwa.

Dakta Ngwatu akatazama juu.

Sijawahi kuona uso ukibadilika namna ile. Bi Siwema alikuwa ameshashika mkoba wake, akatembea, hakukimbia, mpaka mbele ya askari, akanyoosha mkono. Koplo Lihundi aliushika. Ulikuwa umetulia kabisa. Nadhani woga wake ulikuwa umekwisha wote wiki ile. Akampisha.

Nyuma yake akafika Mkurugenzi, mbio, kiatu kimoja kimebaki chini ya meza. Mlango wa kumzuia haukuwepo. Kulikuwa na uwazi tu, na katikati ya uwazi kilikuwepo kiganja cha Koplo Lihundi.

Koplo alimshika mkono. Ulikuwa unatetemeka mpaka saa ya dhahabu inagonga.

"Niachie," alisema Mkurugenzi. "Ni mimi."

Koplo alimtazama kwa huruma ileile. Alikuwa ameapishwa uani, mbele ya bendi, kwamba sheria haina mkubwa wala mdogo, na huyu huyu ndiye aliyemwapisha.

"Mkono unatetemeka, Mheshimiwa," alisema kwa upole. "Rudi ndani ukatulizwe na Mkurugenzi."

Akamgeuza, akamsukuma kidogo, kwa adabu.

*

Taarifa rasmi imesema mvua ilimfikia Dakta Ngwatu akiwa kazini. Alitolewa chini ya zege akiwa amenyoosha mkono mbele, na mchoraji wa Mamlaka amemchora hivyohivyo, anasalimia watu. Koplo Lihundi amepandishwa cheo. Shemeji amepewa kazi ya kujenga kaburi.

Bi Siwema hakungoja kuhamishwa. Siku ya mazishi, watani walipokuwa wanagombea kofia ya marehemu, yeye alikodi gari la mizigo, akamlaza mama yake juu ya godoro, akaenda Ukame kwa hiari yake. Alipita kuniaga. Nilimuuliza ataishije mahali pasipo na kitu. Akanijibu kwamba kule angalau juu hakuna kitu. Nilitaka kumwambia lile ambalo sikuwahi kumwambia, lakini kulikuwa na watu, nikamtakia safari njema. Sijui kama Shekibula bado yupo kwenye kiti.

Sisi wengine tunaendelea vizuri. Tumepata Mkurugenzi mpya, naye anafikika kuliko aliyetangulia. Ofisi imejengwa upya bila mlango, tangi limejengwa upya na jina jipya, na shemeji wa safari hii ni mwingine. Utani wa Ijumaa ameuendeleza kwa kumuenzi marehemu. Alipopitia yaliyotokea, aliuliza tu ni nani siku ile hakucheka.

Zamu yangu ni Ijumaa hii. Nimeambiwa niingie nimtanie kwa uhuru wangu wote, na jana nilipopita nje ya ofisi yake niliona darini doa dogo, la ukubwa wa sahani. Siogopi hata kidogo. Nawashukuru kwa kunisoma. Ila nawaomba, tukikutana njiani, mnisalimie kwa mdomo tu, msinishike mkono.